Silinda: Usugue Mwenyewe Nyumbani au Umpelekee Fundi?

Kifaa chenyewe hakina makuu: kijiti cha chuma cha kufungia kwenye drili, miguu mitatu iliyobanwa na springi, na mwisho wa kila mguu jiwe jembamba la kijivu, refu kama kidole. Mpwa wangu alikuja nacho ndani ya mkoba wa ukili, siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawafuati taa na boti zimelazwa pwani. Siku hizo wavuvi hushona nyavu na kufungua mashine. Mkono wa pili alibeba bloki ya Yamaha 15, ile mashine ya boti, imeviringishwa kanga kuukuu kama mtoto mchanga.

"Mjomba, hii naisugua mwenyewe," alisema hata kabla hajakaa vizuri. "Fundi anang'ang'ania ichongwe. Ikichongwa ndiyo ninunue pistoni mbili mpya na ringi zake. Mawe haya bei yake haifiki hata ya pistoni moja."

Fundi wake, mzee aliyefungua mashine za boti tangu mimi niko skuli, naye alikuwa na lake: mawe yale ni ya watoto kuchezea, na kijana akiyatia ndani ya silinda, bloki ataikuta kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Mabishano haya nimeyasikia kwa wenye boti, kwa wenye Vespa, kwa vijana wa bodaboda. Kila upande una mifano yake. Huyu alisugua nyumbani na mashine mpaka leo inapiga kazi. Yule alisugua nyumbani na pistoni ikamkwama katikati ya mkondo wa Pemba, kusi linavuma. Hakuna anayesema uongo. Ila neno moja, kusugua silinda (wengine husema kuhoni, na mgeni akadhani tunazungumzia honi ya gari), limebebeshwa kazi mbili zisizofanana. Moja unaweza kuifanya uani kwako. Nyengine huiwezi, hata uwe na mkono mtulivu namna gani.

Silinda ni tundu ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake. Pistoni haizibi tundu hilo. Baina yake na ukuta huachwa nafasi ndogo makusudi, maana pistoni hutanuka ikipata moto. Anayeziba ni ringi, pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja ili iweze kujibana na kujiachia. Pete hii inataka vitu viwili ambavyo ukivisikia mara ya kwanza utadhani vinapingana. Inataka tundu liwe duara kamili, lenye upana uleule kutoka juu hadi chini. Halafu, juu ya ukuta huo ulionyooka, inataka mikwaruzo.

Mikwaruzo hiyo si ya ovyo. Ni mistari myembamba inayokwenda mshazari na kukatana, mfano wa mkeka. Ndani ya vijifereji vyake oili hukaa. Ringi ikipita juu haiwezi kuifuta yote. Na ringi ikiwa mpya, kingo za mistari hiyo huilamba taratibu kama tupa laini, mpaka uso wa ringi na uso wa ukuta vinalingana na moshi haupati pa kupenya. Mashine ikishatembea masaa mengi, mistari hufutika na ukuta hung'aa kama kioo. Macho yanaupenda ukuta wa namna hiyo. Ringi mpya haziupendi: zinateleza juu yake bila kukaa, kompresheni, yaani mgandamizo wa ndani ya silinda, haipandi, mashine ya mipigo minne inaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na mwenye chombo anarudi dukani kulalamika kwamba kauziwa ringi feki.

Kukivunja kioo hicho na kuirudisha mistari, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Chuma kinachotoka ni kidogo mno. Umbo la tundu halibadiliki, ila ngozi yake tu.

Kazi ya pili ni kulirekebisha tundu lenyewe. Silinda hailiki sawasawa. Juu, pale ringi inapogeukia, ndipo penye moto mkali, ndipo moshi wa mlipuko unapoisukuma ringi ukutani kwa nguvu zaidi, na ndipo oili ilipo haba. Kwa hiyo tundu hutanuka juu kuliko chini, likawa na umbo la faneli ambayo huioni kwa jicho. Tena pistoni haishuki wima. Mkono unaoiunganisha na krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, huwa umeinama, ukaiegemeza upande mmoja wa ukuta zaidi ya mwengine. Duara likaelekea kuwa yai. Tunazungumzia vipimo vya kadiri ya unene wa unywele wa kichwani, kama 0.07 mm. Lakini ringi inaviona. Kila inapopanda hujitanua, kila inaposhuka hujikunja, na upande wa yai hubaki mwanya.

Sasa rudi kwenye mawe matatu ya mpwa wangu. Yamefungwa kwa springi. Springi hufuata ukuta ulivyo: penye upana hujiachia, penye wembamba hujibana. Basi mawe yatasugua kila mahali kwa kiasi kilekile, na yai likitoka hapo litakuwa yai lenye mistari mizuri. Aliyeishi Mji Mkongwe analijua hili bila kufundishwa. Ukuta wa mawe uliotuna kwa umri ukiupaka chokaa, utapata ukuta mweupe uliotuna. Ile brashi nyengine, yenye vijiwe vya duara mwisho wa nyuzi za nailoni kama kishada cha zabibu, nayo ni hivyohivyo. Inafuata umbo, hailitengenezi. Na wala haikuundwa kulitengeneza.

Kwa sababu hiyo, anayeuliza "nyumbani au kwa fundi?" nami humuuliza, umepima?

Hapa wengi hunyamaza, kwa kudhani kupima silinda kunahitaji ile saa ya kupimia yenye mguu mrefu, ambayo fundi huitoa kwenye sanduku lenye mahameli ndani. Kweli, saa hiyo pamoja na maikromita ndivyo vipimo vyenyewe. Lakini ipo njia ya maskini, na mimi naipenda kwa sababu inatumia hesabu ya darasani. Unahitaji ringi moja nzima, ikiwa mpya ndiyo bora, na vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ambavyo mafundi huviita fila.

Iingize ringi ndani ya silinda ikiwa peke yake, bila pistoni. Kisha isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, isiinamie upande. Kwanza iweke chini kabisa, mahali ambapo ringi haifiki mashine inapofanya kazi. Pale ukuta haujaliwa. Pima mwanya ulioko kwenye mkato wa ringi. Halafu ipeleke juu, chini kidogo ya ule ukingo usioliwa ulioko juu ya pale ringi inapogeukia, ambao kucha hukwama, upime tena. Mzingo wa duara ni upana wake mara 3.14. Tundu likitanuka kidogo, mwanya wa ringi hutanuka zaidi ya mara tatu ya hapo. Kwa maneno mengine, ringi imekukuzia kosa ili ulione. Toa mwanya wa chini kutoka kwenye mwanya wa juu, gawa kwa 3.14, jibu ndilo tofauti ya upana.

Tulifanya hivyo sakafuni pale pale, mimi na mpwa wangu, chai ikiwa inapoa. Yamaha 15 ina silinda mbili, kila moja na upana wa 56 mm ikiwa haijachongwa. Silinda ya chini: mwanya 0.25 chini, 0.30 juu. Tofauti ni 0.05, gawa kwa 3.14, ni kama 0.016 mm. Hiyo haikuliwa, imechoka tu. Silinda ya juu: 0.25 chini, 0.60 juu. Tofauti 0.35, gawa, 0.11 mm. Kijana alipima mara tatu, kila mara akiniangalia kama kwamba mimi ndiye niliyeitanua.

Ukomo unaoruhusiwa huandikwa kwenye kitabu cha mashine, na kwa mashine ndogo za namna hii mara nyingi hauzidi sehemu kumi za mia moja za milimita, yaani 0.10 mm. Silinda ya juu ilikuwa imeuruka.

Kwa nini ya juu na si ya chini? Nilimwuliza kuhusu pampu ya maji, akacheka kidogo akajikuna. Mpira wa pampu ulikuwa umekatika mapezi mawili tangu mwezi wa nyuma, na mashine "ilikuwa inatema maji, lakini kwa uvivu". Maji ya kupozea hupandishwa kutoka chini. Yakiwa haba, anayekosa ni aliye juu.

Njia hii ya ringi ina upofu wake, na ni haki kuusema: haioni umbo la yai. Mwanya unakupa mzingo, na yai laweza kuwa na mzingo uleule wa duara. Hapo chukua tochi, iwashe chini ya ringi, funga dirisha, uchungulie kutoka juu. Ringi ikigusa ukuta kote, nje yake kutakuwa giza. Ukiona kimwezi cha mwanga upande mmoja, usijidanganye. Kutokuona mwanga si hati ya usalama, lakini kuuona ni hukumu.

Tuseme umepima na silinda ni duara, imepata kioo tu. Basi mawe ni yako, na hutakuwa umemdhulumu fundi yeyote. Lakini kabla hujafunga drili, chukua sumaku uitie ndani ya silinda. Ikinata kwa nguvu, ukuta ni chuma na unasuguliwa kwa mawe ya kawaida. Isiponata, au ikinata kwa kusitasita, simama. Pikipiki nyingi za siku hizi zina silinda ya aluminiamu iliyopakwa utando mgumu wa nikeli wenye chembe za silikoni kabaidi ndani yake, na utando huo ni mwembamba mno. Mawe ya kijivu yakiushika hayautengenezi. Huuharibu au huubandua, na silinda hiyo haichongwi kuongezwa ukubwa kama ya chuma. Hupakwa upya kwenye viwanda vyenye kazi hiyo, au hununuliwa nyengine. Sumaku ya spika mbovu inatosha kukuepusha na hasara hiyo.

Jambo la pili ni madirisha. Mashine ya mipigo miwili, iwe ya boti au Vespa ya zamani, ina matundu kwenye ukuta wa silinda ya kuingizia mafuta na kutolea moshi. Mguu wa jiwe ukiingia ndani ya tundu wakati drili inazunguka, jiwe huvunjika, na mara nyengine huvunjika pamoja na ukingo wa tundu. Kwa silinda zenye madirisha, ile brashi ya zabibu ni salama kuliko miguu mitatu. Hili lilikuwa kosa la kwanza la mpwa wangu hata kabla hajawasha kitu: kifaa alichonunua kilifaa lori kuliko boti.

Kuzungusha kwenyewe hakuchukui muda. Oili nyingi, drili ya mwendo wa polepole, panda na ushuke bila kusimama mahali pamoja. Mistari ya mkeka hutokana na mwendo wa aina mbili kwa pamoja, wa kuzunguka na wa kupanda. Ukipanda polepole mistari hulala kama pete. Ukiharakisha inasimama mno. Mafundi wengi hulenga mistari inayokatana kwa kama nyuzi 45. Sekunde kumi, simamisha, futa, tazama. Sekunde kumi nyengine ikibidi. Anayesugua dakika tano ameshatoka kwenye kazi ya kwanza na kuingia kwenye ya pili bila kibali. Drili itoe nje ikiwa bado inazunguka, ama sivyo inaacha mikwaruzo ya wima, na mkwaruzo wa wima ni mfereji wa kupitishia moshi.

Na sasa kuosha, ambako ndiko mimi mwenyewe nilikoangukia.

Miaka iliyopita nilisugua silinda ya Vespa yangu. Nilipima, sumaku ilinata, nilitumia brashi na nilipata mistari ya kupendeza hata nikamwita jirani aje aione. Kisha nikaiosha kwa petroli, mara tatu, mpaka petroli ikatoka safi. Ringi mpya, kila kitu kipya. Baada ya kama wiki tatu kompresheni ilikuwa imeshuka kuliko kabla sijaigusa, na nilipofungua, ringi zile mpya zilikuwa zimeliwa kama zina miaka kumi. Nilimlaumu muuza ringi. Nikamlaumu aliyenichanganyia mafuta. Fundi mmoja wa Ng'ambo aliniomba nirudie hatua zangu moja moja, nilipofika kwenye petroli akanyanyua mkono: "Basi, ami, tushafika."

Petroli huyeyusha mafuta, haibebi unga wa jiwe. Unga ule, mgumu kuliko chuma, huachwa umelala ndani ya vijifereji vya mistari, vilevile ulivyovitengeneza kwa ajili ya oili. Unafunga mashine ikiwa imejaa msasa. Unaoondoa unga ni maji ya moto na sabuni, ya unga au ya mche, pamoja na brashi, ukisugua kama unayesugua sufuria la pilau lililoungua. Suuza, rudia, kisha futa kwa kitambaa cheupe kilichotiwa oili. Kitambaa kikitoka na kijivu, bado. Kwenye Vespa ile nilipoirudia, nilihesabu mara sita kabla kitambaa hakijatoka cheupe.

Maji yawe matamu. Nyumba nyingi za pwani zina kisima chenye chumvi kidogo ambayo mdomo umeshaizoea, lakini chuma kilichosuguliwa upya hakijaizoea. Kiko uchi. Kwa hewa yetu hii, chuma cha silinda kikiachwa kikauke bila mafuta huanza kupiga wekundu kabla hujamaliza kutafuta taulo. Oili iwe wazi pembeni yako kabla hujamwaga maji ya mwisho.

Kwa fundi wa mashine ya kuchonga mambo huenda kwa mpango mwengine. Yeye hafuati tundu lilivyo. Anatafuta kati ya tundu, anafunga kisu kwenye mhimili mgumu na kulikata duara jipya lililo kubwa kidogo, wima sawasawa na krankshafti. Baadaye anamalizia kwa mawe, lakini mawe yake hayana springi. Yamefungwa kwenye kichwa kigumu kinachopanuliwa kwa skrubu, yanasugua penye uvimbe tu na kuruka penye bonde, mpaka kote kulingane. Hicho ndicho wewe huna, na hakuna ujanja wa mkono unaokiziba.

Kuna alama moja ya kumjua fundi huyu kama anaijua kazi. Mpelekee bloki peke yake, umwambie, "Nichongee nusu milimita." Akiipokea na kukupa siku ya kuja kuichukua, chukua bloki yako uondoke. Anayejua atakuuliza pistoni iko wapi. Pistoni huuzwa kwa hatua, kwa mashine nyingi za Kijapani robo milimita kwa robo milimita: 0.25, 0.50, na kuendelea kidogo. Namba hiyo ni jina tu. Pistoni mbili zenye 0.50 kichwani zaweza kutofautiana, hasa zikiwa za viwanda tofauti. Fundi huipima ile iliyo mkononi mwake, anaongeza nafasi ambayo kitabu kinasema, na kuchonga mpaka hapo. Nafasi ikiwa ndogo, pistoni ikipata moto inakwama. Ikiwa kubwa, inagonga ukutani kama ndoo kisimani.

Alama nyengine ni madirisha. Baada ya kuchonga, kingo za matundu huwa kali kama wembe, na ringi ikipita hunasa na kuvunjika. Fundi mzuri huzivunja makali kwa mkono, tundu moja moja. Pitisha kidole ndani kabla hujalipa. Kikirudi na damu, hujalipa bado.

Wanaoishi Pemba wana gharama ya zaidi, ya kuivusha bloki baharini na kungoja irudi, na ninaelewa kwa nini kijana wa huko hushawishika kumalizana na mawe. Lakini iko hesabu ambayo haionekani siku hiyo. Silinda ina chuma cha kutosha kuchongwa mara chache tu. Ukiisugua nyumbani kwa nguvu ili kuufuta mkwaruzo mrefu au vishimo vya kutu, umeitanua bila kuifikisha kwenye pistoni yoyote inayouzwa. Umetumia hatua moja ya uhai wake na hukupata kitu. Hatua zikiisha, kinachobaki ni kutia slivu, yaani kutoboa zaidi na kupachika bomba jipya la chuma, na hapo ndipo utakapokumbuka bei ya pistoni mbili kwa huzuni.

Vishimo hivyo vya kutu havitoki kwa kusugua, tena ndivyo vinavyowaponza wengi hapa visiwani. Boti imepinduka, mashine imekunywa maji ya bahari, ikatolewa, ikaachwa mpaka kesho yake. Kutu ya chumvi haikai juu ya chuma, inachimba. Kukifuta kishimo kimoja ni lazima ukishushe chuma chote kilichokizunguka hadi usawa wa kina chake. Mashine iliyozama huoshwa kwa maji matamu na kujazwa oili siku hiyohiyo, hata saa nane za usiku.

Swali hili hili wanalo na wenye bunduki. Unguja wapo wasasi wa siku nyingi, wanaowafukuza nguruwe mwitu kwenye mihogo, na penye bunduki ya marisau, ile shotigani, siku moja mwenyewe atachungulia mtutu na kuona madoa. Brashi ya zabibu huuzwa pia kwa ukubwa wa mtutu, na kwa juu juu kazi ni moja: tundu la chuma, drili, oili. Lakini mantiki imegeuka. Mtutu hauna ringi wala hautaki mistari. Unataka ulaini, ili risasi na plastiki ya ganda visigande ndani. Na wakati silinda ya boti imezungukwa na chuma kinene, mtutu wa namba 12, wenye tundu la kama 18.5 mm, katikati ya urefu wake huwa na ukuta ambao mara nyingi haufiki milimita moja, na unashikwa na mkono wa kushoto wa mpigaji. (Hiyo 12 si kipimo cha upana: ni idadi ya gololi za madini ya risasi za upana wa tundu hilo zinazotimiza ratili moja, kama gramu 454.) Huko Uingereza mitutu hujaribiwa kwa baruti yenye nguvu kupita kawaida kisha ikagongwa mhuri, London na Birmingham. Tundu likishatanuka zaidi ya 0.2 mm kutoka kipimo kilichogongwa, mhuri umekufa na bunduki haiuziki mpaka ijaribiwe upya. Kishimo kirefu kidogo tu kikifutwa kwa kusugua, umeshafika hapo. Na mdomoni mtutu umebanwa makusudi ili marisau yasitawanyike. Hata pale panapobana sana tofauti ni kama milimita moja, na drili ya mtu mwenye hamu huimaliza jioni moja.

Kwa hiyo kwenye bunduki mpaka uko mapema zaidi. Nyumbani ni brashi ya kawaida, kitambaa na mafuta. Madoa yakibaki, ni kwa fundi wa silaha mwenye leseni, ambaye ana kifaa cha kupimia unene wa ukuta wa mtutu na si upana wa tundu peke yake. Silinda ikikosewa unapiga kasia hadi nyumbani; mtutu ukikosewa, ni mkono wako.

Bloki ya mpwa wangu ilikwenda kwa fundi wake. Nilikwenda naye, na yule mzee alipoambiwa vipimo vya ringi aliinua nyusi, akatoa saa yake, akapima silinda ya juu. Saa ilisema 0.12. "Nani kakufundisha?" alimwuliza kijana, na kijana, Mungu amsamehe, akasema amejua mwenyewe. Tulijaribu kumshawishi aichonge ya juu tu na ya chini tuisugue. Alikubali kwamba inawezekana, halafu akatuuliza kama tuko tayari kukaa na mashine yenye pistoni mbili za ukubwa tofauti, na kumweleza kila fundi atakayeifungua baada yetu. Zilichongwa zote mbili, 0.25. Kuhusu mawe, mzee hakubadili neno lake, ila aliyageuza mkononi akauliza yamenunuliwa wapi.

Saa za mwanzo mashine ilitembea kwa mafuta mazito, oili sehemu moja kwa petroli ishirini na tano badala ya hamsini, na nahodha akawa anapandisha na kushusha mwendo ili ringi zikae. Mpira wa pampu ulibadilishwa kabla haijagusa maji.

Mawe yale matatu bado yamo kwenye mkoba wa ukili nyuma ya mlango wangu. Juzi kijana alikuja kuniuliza kama Vespa yangu haijapoteza nguvu kidogo, maana amenunua na brashi ya zabibu. Nilimwambia achemshe maji kwanza.